Mabaka Upande Mmoja

Kwetu watu wakibishana nani kazaliwa na nani, huja kuniuliza mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini majina hayanitoki. Nayakumbuka ya wote niliokaa nao dawati moja, ya ng'ombe wa baba, ya wakwe wa binamu zangu waliohamia Igunga kabla sijaolewa, hata ya mbwa wawili wa katekista. Hapa hata hivyo sitaandika jina la mtu hata mmoja. Wengine wako hai, na wana wajukuu wanaosoma. Mume wangu mwenyewe yuko hai, kakaa barazani sasa hivi ninapoandika, anauliza kama maji ya kuoga yamepata moto. Jina moja tu nitaliandika, na hilo si la mtu. Litakuja mahali pake.

Ninachotaka kusimulia ni habari ya kifaru. Si mnyama, ni kile cha chuma cha vitani, chenye mzinga. Tena si chenyewe hasa. Ni cha plastiki, urefu wake kama kandambili yangu, na nilikipaka rangi kwa mikono yangu hii. Nilikipaka kwa ajili ya mdogo wangu, aliyekwenda vita vya Uganda asirudi.

Alikuwa mdogo wangu wa pekee, wa kunifuata. Kijiji chetu kiko kando ya njia ya kutoka Tabora kwenda Nzega, na nyuma ya nyumba ya baba kuna ile njia nyingine, ya zamani, waliyopita wapagazi na pembe mabegani. Mdogo wangu alikuwa hapendi kutembea. Alisema watu wa kwetu wamekwishatembea vya kutosha, yeye atakwenda kwa magurudumu. Akapata baiskeli. Akaenda nayo Nzega kufanya kazi kwa wanunuzi wa pamba, na huko Nzega ndiko lilikompitia gari la waliokwenda jeshini. Hatukumwona tena.

Vita vilipokwisha alikuja askari mmoja nyumbani, mwembamba, kabeba begi la mdogo wangu. Tulijua kabla hajafungua mdomo. Mama alimkaribisha mkekani, akampa maji, akangoja anywe, kisha akamuuliza jambo moja tu: amekufaje. Yule askari alitazama mkeka. Akasema, "Alifia ndani ya Kifaru, mayo. Nilikuwa naye. Hakuteseka."

Mama hakuelewa. Mjomba ndiye aliyeelewa, maana yeye alikuwa na redio. Akasimama pale pale akawaeleza watu kifaru ni kitu gani, chuma chake kina unene gani, mzinga wake unafika wapi, na mtu anayeingia humo lazima awe na moyo wa namna gani. Watu wakaguna. Mama akalia, lakini akalia kwa namna nyingine, sijui niiseme vipi, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika. Askari hakusema zaidi. Alikunywa maji mara ya pili.

Akawa anakuja. Alikuja matanga, akaja kuvunja tanga, akaja msimu wa kulima akashika jembe la marehemu. Mama akasema aliyemfumba mtoto wangu macho ni mtoto wangu. Mwaka uliofuata nikaolewa naye. Mtoto wetu wa kwanza tulimpa jina la mdogo wangu, na huyo alikua akijua kwamba mjomba wake alikufa ndani ya kifaru na baba yake alitoka humo humo akiwa hai. Shuleni walimheshimu kwa hilo. Mimi mwenyewe niliheshimiwa kwa hilo. Sokoni nilipotua vyungu, wanawake walisogea.

Vyungu ndiyo kazi yangu. Nimefinyanga tangu msichana. Na kwa kuwa tulikaa kijijini miaka mingi kabla ya kuhamia hapa Kitete, mjini Tabora, vyungu vile nilivipeleka mjini kwa kichwa. Vitano vikubwa vimefungwa kwa kamba ya katani, mtoto mgongoni, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na wa jioni nzima kurudi. Miaka kumi na nane. Magoti yangu ya leo yalitoka kwenye mwendo ule. Naomba hilo likumbukwe, nitalirudia.

Sasa yule mtoto wetu wa kwanza ni mtu mzima, anaishi ng'ambo na mkewe. Mwaka juzi familia ilikubaliana tumjengee mdogo wangu alama pale kijijini, kando ya kaburi la mama, kwa kuwa yeye mwenyewe hatujui amezikwa sehemu gani hasa. Kaburi dogo la saruji lisilo na mtu, lenye jina, na kidirisha cha kioo. Mwanangu akasema kwenye kidirisha aweke kifaru. Akanunua huko aliko kile cha plastiki, kikiwa vipande vipande ndani ya boksi, na pamoja nacho kompresa ndogo ya upepo, kama ya fundi wa matairi lakini ya kukaa mezani, na kalamu ya kupulizia rangi. Akavileta kwa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Akasema, "Baba atakiunga, maana yeye ndiye anayekijua. Kiwe kama kilivyokuwa."

Kiwe kama kilivyokuwa. Hilo ndilo nililolitaka hata mimi. Mama alikufa akimuota mwanawe ndani ya kitu asichowahi kukiona. Nilitaka mimi nikione, japo kidogo, na rangi yake, ili nijue macho ya mdogo wangu yalitazama nini mwishoni.

Mume wangu alikiunga kwa mwezi mzima. Mikono yake inatetemeka siku hizi, hata kijiko cha uji kinafika nusu. Gundi ilimwagika kwenye minyororo ya magurudumu, na kofia ya juu ilikaa upande. Lakini kilisimama. Ilipofika rangi akashindwa kabisa. Akaiweka kalamu mezani akasema, "Mama, hii ni ya mkono wako. Wewe una mkono wa chungu."

Nilijifunza. Mwanangu alinielekeza kwenye simu, uso kwa uso, mpaka nikaelewa. Kalamu ile ina kitufe kimoja juu. Ukikibonyeza unatoka upepo mtupu, ukikivuta nyuma kidogo ndipo rangi inakuja. Upepo kwanza, rangi baadaye. Ukigeuza inatema tone kama mtoto aliyelishwa kwa lazima. Rangi unaichanganya na tina mpaka iwe nyepesi kama maziwa yaliyotolewa siagi. Ukisogea karibu mno rangi inakimbia na kutoa miguu kama buibui. Ukisimama mbali inafika imekwishakauka, inakwaruza kama ngozi ya kenge. Kuna sehemu moja tu iliyo sawa, na huipati kwa kuambiwa. Nilimaliza magazeti matatu kwa kupulizia mistari. Siku ya nne mkono ukapapata. Ndivyo ilivyo hata kwenye mdomo wa chungu.

Nilianza na rangi ya msingi, ya kijivu, kote. Kisha nikaanza upande wa kushoto. Nikapuliza kijani, nikaacha ikauke, halafu ikawa zamu ya mabaka aliyonitajia mume wangu. Mwanangu alisema huko kwao mpaka wa baka huzuiliwa kwa utepe au kwa kitu laini kama ulimbo. Mimi nilichukua udongo wangu wa ufinyanzi, nikausokota kwenye viganja ukawa kama mkia wa panya, nikaulaza juu ya plastiki kufuata umbo la baka, nikapuliza kahawia ndani yake. Udongo ukitolewa, ukingo unabaki laini, haukatiki kama ukingo wa karatasi, unafifia. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilimwita mume wangu aje aone.

Alisogeza kiti. Akatazama sana. Nikamuuliza, "Ndivyo?"

"Baka la mbele liwe refu zaidi."

Nikalifanya refu. Kesho yake akasema hapana, la mbele lilikuwa fupi, refu ni la nyuma. Nikapuliza kijani juu ya lote nikaanza tena. Mara hiyo akasema palikuwa na jeusi.

"Jeusi wapi, baba watoto?"

"Pale... pembeni ya mnyororo."

"Kulia au kushoto kwake?"

"Mama, ni miaka mingi."

"Ulikaa humo miezi. Mimi kila chungu nilichouza nakikumbuka mpasuko wake."

"Wewe ni wewe," akasema, akatoka.

Upande ule mmoja niliupaka mara tatu. Niliona ni uzee. Nikamhurumia, nikamwambia asijisumbue, tutaubakiza kama ulivyo na upande wa kulia nitaufuatisha. Fundi wa saruji kijijini alikuwa anangoja vipimo vya kidirisha.

Ndipo akaja mgeni. Ni mzee mwenzake wa jeshini, mtu wa Igunga, aliyekuwa fundi makanika. Macho yalikuwa yanamsumbua, kaja hospitali ya mkoa, na kwa kuwa nyumba yetu iko karibu akapita kusalimia. Hawakuwa wameonana tangu vijana. Niliwasikia barazani wakipigana mabega na kuitana mizee. Wakaingia ndani, nikapeleka chai na viazi.

Aliponiona akasimama. "Huyu ndiye shemeji, dada yake marehemu? Shemeji, pole. Miaka yote umemvumilia huyu. Anakoroma bado kama mashine ya kusaga?"

"Siku hizi anasaga na mchana," nikasema.

Wakacheka wote wawili. Kisha mgeni akakiona kifaru pale kwenye meza ya kona, juu ya gazeti. Akasogea, akainama kwa sababu ya macho yake, pua karibu iguse mzinga.

"Hiki ni kifaru au fisi?"

"Kifaru," nikasema. "Hayo ni mabaka."

"Mabaka ya nini, shemeji?"

"Ndivyo vilivyokuwa, si ndiyo?"

"Vyetu? Vyetu vilikuwa kijani tupu, rangi moja kama jani la mgomba lililochoka, na matope juu yake. Mimi nimelala chini ya vile vitu na spana, mgongo unanikumbusha mpaka leo. Mabaka sikuyaona." Akamgeukia mume wangu, bado anacheka. "Wewe ndiye uliyemwambia? Ungejulia wapi, wewe mtu wa Kifaru."

Sikuelewa. Nikasema, "Shemeji, si ndicho hicho? Kifaru."

"Hapana. Hiki ni kifaru. Mimi nasema Kifaru. Lile lori lao."

Mume wangu alikuwa kashika kikombe. Akakiweka, akamsogezea mgeni sahani ya viazi.

"Lori la mafuta," mgeni akaendelea, maana alidhani ananikumbusha ninachokijua. "Bovu kuliko yote. Mbele lilikuwa na ndoano ya kuvutia, imegonga mahali ikapinda kwenda juu, basi ikawa kama pembe. Vijana wakaliita Kifaru, wakaliandika kwa chaki mlangoni. Huyu dereva, na marehemu kando yake. Mungu amrehemu, yule alikuwa na maneno. Lilipopinduka, chini ya lile lori, kabanwa miguu, bado anatutania tuliokuwa tunasukuma. Tangu asubuhi mpaka jua limegeuka." Akanywa chai. "Na ile baiskeli, shemeji, ulikwenda kuichukua?"

Nikauliza, "Baiskeli gani?"

Alikuwa mzee mwenye macho mabovu lakini aliona. Akatazama huku, akatazama kule, akaweka kikombe chini taratibu.

"Labda nachanganya na mtu mwingine," akasema.

"Huchanganyi, shemeji. Baiskeli gani?"

Alisema daktari wa macho anafunga mapema. Alipofika mlangoni alimshika mume wangu bega, akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani ulisema zamani." Kisha akaita bajaji.

Mwalimu wetu wa darasa la pili alitufundisha kwamba jina huanza na herufi kubwa. Ni jambo ambalo sikulisahau, kwa sababu ndiyo siku niliyoandika jina langu bila kukosea. Kama askari yule angeandika barua, ningeiona ile K. Angeandika, nasi tungeuliza: Kifaru ni nani? Lakini alisema kwa mdomo, na mdomoni kifaru na Kifaru ni sauti moja. Mimi ninayeitwa kuja kuamua majina ya watu, hilo moja lilikaa nyumbani kwangu miaka arobaini na zaidi nisijue kuwa ni jina.

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Sikupandisha sauti. Tumezeeka, na majirani wako karibu.

"Sikudanganya," akasema yeye kwanza. "Nilisema alifia ndani ya Kifaru. Mjomba wako ndiye aliyesimama akaanza mambo ya mzinga."

"Alifia ndani au chini?"

Alikusanya maganda ya viazi kwenye sahani.

"Ulisema hakuteseka."

"Mama yako alikuwa ananitazama. Wewe ungesema nini?"

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Unajua nani." Kisha, kwa kuwa sikuondoa macho, akasema, "Mimi. Tulikuwa siku mbili hatujalala. Nilifumba macho kidogo. Kidogo tu. Yeye alikuwa anaimba ili nisilale, akanyamaza kuwasha sigara."

"Na baiskeli?"

Hapo ndipo alipolia. Mambo ya usukani aliyasema kwa macho makavu, lakini baiskeli ilimliza, na machozi yale yalinikasirisha kuliko maneno. Akanieleza. Mdogo wangu, akiwa kabanwa, alisema mambo mengi, mengine mzaha. Lakini hili alilirudia mpaka wakamuapia: baiskeli yangu iko kwa fundi pale njia panda Nzega, spoki zilikatika nikaiacha. Amekwishaitengeneza. Mwambieni dada akaichukue, aache kubeba vyungu kichwani.

"Ukaapa," nikasema.

"Nikaapa."

"Ukaja kwetu, ukakaa mkekani, ukanywa maji mara mbili."

"Ningeanzia wapi? Ningesema baiskeli, ungeuliza alisema saa ngapi. Ningesema saa ngapi, ungeuliza basi hakufa papo hapo? Ungeuliza hilo, tungefika kwenye lori. Tungefika kwenye lori, mngeuliza dereva nani. Na watu walikuwa wamekwishaanza kuniita shujaa. Wewe mwenyewe ulikuwa unanitazama."

Ni kweli nilikuwa namtazama. Nilikuwa na miaka ishirini.

"Miaka kumi na nane," nikamwambia. "Ulikuwa unanisindikiza mpaka kwenye barabara. Ulikuwa unanitwisha. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako, unanitwisha vyungu vitano, unasema nenda salama."

Akasema, "Kila siku nilikuwa nataka kusema."

"Kila siku nilikuwa natembea," nikasema.

Hatukuzungumza tena siku ile. Nilipika, akala. Mtu asidhani kwamba nilikusanya nguo. Nitakwenda wapi na magoti haya, na kwa nani? Wazazi wangu hawapo. Watoto ni wake pia. Nilifua shati lake kama kawaida, ila nililianika bila kulikung'uta.

Juma lililofuata nilipanda basi kwenda Nzega. Nilimwambia nakwenda kutazama udongo mweupe wa kupakia vyungu, naye hakuuliza, maana anajua udongo wangu hautoki Nzega. Barabara sasa ni ya lami, mtu unafika kabla hujachoka kukaa. Kwenye kituo kimoja niliona wazee wa kwetu wawili wakipita na baiskeli zao, matenga ya mkaa nyuma, nikageuza uso.

Pale njia panda hakuna fundi wa baiskeli. Kuna wanaouza laini za simu, na vijana wa bodaboda wamepanga pikipiki zao. Niliuliza. Wakanicheka kwa heshima, mmoja akasema, "Shikamoo bibi, fundi wa baiskeli wa kabla ya mimi kuzaliwa? Labda umuulize yule mama wa vitumbua, yeye ndiye mzee wa eneo." Huyo mzee wa eneo alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na zaidi. Nikamwendea, tukasalimiana kwa Kinyamwezi, nikamtajia jina la fundi ambalo mume wangu alikuwa amenipa. Akaacha kugeuza vitumbua.

"Huyo ni baba yangu," akasema.

Nikamweleza kwa kifupi. Askari. Spoki. Baiskeli ya kuchukuliwa na dada yake.

"Wewe ndiye dada?"

"Ndiye."

Alinitazama tangu kichwani mpaka kwenye kanga. Kisha akazima jiko, jambo ambalo mwuza vitumbua halifanyi hovyo, akanipa kiti chake. Akasema walipokuwa watoto kulikuwa na baiskeli imetundikwa darini kwa baba yao. Walikatazwa hata kuigusa kengele yake. Imefungwa kipande cha boksi kwenye usukani, kimeandikwa jina la mwanamke kwa mkaa. Yeye alijifunzia kusoma kwenye jina hilo. Akanitajia. Lilikuwa langu, herufi kubwa mwanzoni kama inavyotakiwa.

"Baba alikuwa anasema mwenyewe atakuja, ni dada wa yule askari aliyemwachia jina hilo siku anaondoka, wako mbali wanatembea kwa miguu. Alingoja, mama. Alingoja mpaka matairi yakapasukia juu kule. Halafu vipuri vikaadimika mjini, watu wakawa wanamlilia. Akaanza kutoa kimoja kimoja. Mnyororo. Pedeli. Kila akitoa anasema dada mtu akija nitamrudishia kipya. Mwisho ikabaki fremu, na fremu nayo ikaenda."

"Ikaenda wapi?"

"Humu humu," akasema, akaonyesha barabara kwa mkono wenye unga.

Alinifungia vitumbua sita, akakataa niseme asante. Nilikaa pale mpaka basi la kurudi, natazama baiskeli zinazopita. Nyingi ni mpya. Lakini zinapita na zile kuukuu, zilizounganishwa huku na huku, pedeli hii ya rangi moja na ile ya rangi nyingine. Nikawa natazama pedeli.

Niliporudi nilimpigia fundi wa saruji kijijini. Akauliza kama kifaru kimekwisha, anataka vipimo vya kioo. Nikamwambia kidirisha akizibe.

"Chote, mama? Nimekwishaacha tundu."

"Kizibe. Andika jina lake, sawasawa kama nilivyokupa. Basi."

Kifaru kilibaki kwenye meza ya kona, kushoto kijani na mabaka, kulia kijivu cha msingi. Sikukigusa. Mume wangu naye hakukigusa, ila asubuhi moja niliona kimegeuzwa, mabaka yakitazama barazani wanakokaa wageni. Nikakirudisha. Kesho yake kimegeuzwa tena. Hatukusemezana juu ya hilo. Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu.

Kisha mwanangu akapiga simu, ile ya kuonana uso. Alitaka kukiona. Nilikuwa jikoni, nikamfuata mume wangu barazani ili aone na yeye. Nilisimama na simu mbele ya meza, na nakiri hapa kwamba mkono wangu ndio uliokizungusha kifaru, mkono huu huu, mabaka yakaja mbele. Yule kijana ana jina la mdogo wangu. Anacheka kama yeye. Sikuweza kumwonyesha kijivu.

"Mama," akasema, "mkono wako. Nani angeamini. Na ndivyo kilivyokuwa kweli?"

"Muulize baba yako," nikasema. "Yeye ndiye aliyekuwako."

Nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili. Mume wangu alinitazama. Mimi sikumkatalia kwa jicho, wala sikumkubalia. Nilimwachia nafasi, ile ile aliyokuwa nayo mkekani, nikangoja, kama mama alivyongoja anywe maji.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ndivyo kilivyokuwa."

Nilirudi jikoni. Kalamu ya rangi ilikuwa bado kwenye kopo tangu siku ya mgeni, sikuwahi kuiosha. Nilijaribu kuivuta sindano yake ya ndani, ile inayoachia rangi, itoke. Rangi ilikuwa imekaukia ndani, kahawia na kijani pamoja, na nilipovuta kwa nguvu sindano ikakatika.